Barua ya wazi kwa nyie mnaostaafu mnaotaka kupangisha nyumba ya familia

Shikamooni wakubwa zangu mtakaopita hapa, na nyie wadogo zangu na wanangu marahaba. Naandika kwa wale mnaostaafu mwaka huu na mwakani, walimu, manesi, watu wa halmashauri, wenye nyumba zenu za vyumba vinne Tabata, Kimara, Kinyerezi, Mbagala huko, watoto wameshaondoka mmebaki wawili mnaitana kwa sauti toka jikoni mpaka sebuleni. Kila nikikutana na mtu msibani au kwenye harusi swali ndo hilohilo, mama eti tuipangishe hii kubwa sisi tukakae zetu Kibaha vyumba viwili?

Najua linakotoka. Kikokotoo, ile hesabu ya kukokotoa mafao ya mstaafu. Tangu Julai 2022 mkupuo, yaani ile hela unayopewa kwa mara moja ukistaafu, ukawa asilimia 33, mwaka 2024 wakaongeza wengine wakafika 40 wengine 35, sawa tunashukuru, lakini mtu alishapanga maisha yake kwa ile nusu ya zamani, sasa akiiangalia nyumba anaona ndo pensheni yake ya pili. Sio wazo baya hata kidogo, na kuliko kuuza bora upangishe mara mia. Ninachokataa ni kuhama kwa hesabu ya dalali.

Dalali anakwambia nyumba hii mama laki sita kwa mwezi, mpangaji yupo, analipa miezi sita kwa mpigo. We kichwani umeshazidisha mara kumi na mbili ukapata milioni saba na laki mbili, umeshanunua na bati za kijijini. Yeye chake kiko palepale, anachukua kodi ya mwezi mmoja kwa mpangaji anaenda zake.

Sasa kaeni chini baba na mama na kalamu. Kwanza toa mwezi mmoja nyumba ikae tupu, maana mpangaji akitoka hapatikani mwingine kesho yake, imebaki milioni 6 na laki 6. TRA ana asilimia 10 yake hapo, 660,000, na akipanga kampuni au shirika wanakukata hukohuko kabla hela haijakufikia wanakupa karatasi, kwa hiyo hata ukijifanya hujui utajua. Toa laki sita nyingine ya rangi, vitasa, koki, na gari la majitaka, kwa mwaka ni kidogo hiyo nimewahurumia. Mko kwenye 5,340,000. Na huko Kibaha mnakoenda kupanga tuseme ni laki mbili kwa mwezi, ni milioni 2 na laki 4. Kinachobaki ni 2,940,000, ukigawa kwa miezi kumi na miwili unapata 245,000.

Laki mbili na arobaini na tano elfu, sio laki sita. Kuna nyumba hiyo hela inaokoa kabisa, na kuna nyumba itaishia kwenye nauli ya kurudi mjini kila wiki kliniki ya presha, kanisani kwenu, kikoba chenu, kumwona mjukuu. Kwa hiyo jiulizeni hospitali yenu ni ipi kabla hamjauliza kodi ni shilingi ngapi. Ambaye faili lake liko Mloganzila au Tumbi, Kibaha kwake ni hapohapo. Ambaye kliniki yake iko Temeke na mguu unauma, huyo anajitesa.

Mwenye kijumba chake tayari huko, hata cha vyumba viwili bila dari, kodi ya laki mbili haimhusu, anabaki na 445,000 kila mwezi, huyo namwambia nenda hata kesho. Ila sio yule anayetaka kuchukua mkupuo ajenge kidogo ndo apangishe kikubwa. Tuseme umejenga kwa milioni 25, kwa ile 445,000 ya kila mwezi hela yako inarudi baada ya miaka minne na nusu na zaidi, na hapo hakuna aliyeumwa, na mpangaji hajawahi kuchelewesha. Nendeni mkapange huko kwanza mwaka mmoja, mvua ziwakute, muone barabara inapitika vipi na maji yanatoka siku gani, ndo mjue kama mnapataka.

Kuna wajanja wanasema hatuhami mbali, tunapangisha nyumba kubwa tunaingia vyumba vya uani. Hapana jamani. Yule amelipa, geti ni lake, mti wa embe ni wake, wageni wenu wanapita mbele ya baraza lake, na nyie mnageuka walinzi wake bila mshahara. Mkimwona anapiga misumari ukutani roho inauma, mkisema mna kero, mkinyamaza mnapandisha presha. Bora muikate nyumba, upande mmoja wenu upande mwingine wake, kila mtu na mlango wake na LUKU yake, hata kama kodi itashuka.

Hapa kwenye ndoa nataka mnisikilize vizuri. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inasema nyumba ya ndoa huwezi kuiuza, kuitoa zawadi, kuiweka rehani wala kuipangisha bila mwenzio kukubali, hata hati ikiwa na jina lako peke yako. Baba usisaini peke yako. Namjua mama mmoja alijua nyumba inapangishwa siku dalali alipoleta watu kuangalia masta, yeye yuko na khanga anatoka kuoga. Mpaka leo wale wawili hawaongei vizuri na nyumba yenyewe haikupata mpangaji. Na nyie wajane na wagane, kama nyumba ilikuwa ya marehemu na mirathi haijafunguliwa, nendeni mahakamani akateuliwe msimamizi kwanza, mkataba baadaye.

Watoto waambieni, ila msiwaombe ruhusa. Waiteni wote siku moja, na aliyeko nje mpigieni video, wasikie kwa mdomo wenu, maana kuna mmoja lazima atalia kwetu kunapangishwa, na ukimchunguza ndo yule hajaleta hata mfuko wa saruji tangu aanze kazi. Aliye chumba cha nyuma na ana miaka thelathini, mpeni miezi mitatu ajipange. Hii mimi siizungushi.

Mkataba uandikwe, mashahidi wawepo, ofisi ya serikali ya mtaa waufahamu. Orodhesheni kila kitu kinachobaki ndani mpaka pazia. Yale makabati makubwa na makochi ya zamani yauzeni, chumba cha kuhifadhi vitu kwenye nyumba uliyopangisha ni ugomvi unaosubiri siku. Na ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye umeme, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ni ya mwenye nyumba sio ya mpangaji, mrudishieni mwenzenu hiyo 18,000 kwa mwaka, kuna watu wanagombana miezi kwa hela ya vocha.

Na mlioshasaini tayari, msimtoe mtu katikati ya mkataba kisa binti anaolewa mnataka atokee kwenu. Fanyieni ukumbini, au mwombeni mpangaji kistaarabu awape baraza siku moja ya kumtoa bibi harusi, wengi wanakubali na pilau mtakula wote.