Msimbo P0135: Pima Hita Kabla ya Kununua Sensa

Wateja wengi hufika katika gereji yetu taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, wakiwa wamekwisha kununua sensa mpya ya oksijeni, yaani kifaa kinachopima oksijeni katika moshi wa injini, kwa sababu mashine ya kupimia imesoma msimbo wa hitilafu P0135. Tunawasihi wasitangulize ununuzi. Msimbo huo unataja saketi ya hita ya sensa ya kwanza, ile iliyo kati ya injini na masega (kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi), na hitilafu ya saketi inaweza kuwa kwenye fyuzi, waya au soketi, huku sensa yenyewe ikiwa nzima.

Sensa ya kawaida ya zirkonia (aina ya kauri) haisomi gesi ipasavyo mpaka ipate joto la takriban nyuzi 300 za Selsiasi, na hita ndiyo inayoifikisha huko haraka. Kwa hiyo tunaanza na fyuzi, kisha tunachomoa soketi na kupima kwa mita kama umeme wa betri unafika injini ikiwa inaunguruma. Sensa ikiwa imepoa, tunapima pia ukinzani kati ya nyaya mbili za hita, ambazo mara nyingi huwa na rangi moja. Mita ikionyesha kwamba hakuna njia ya umeme kabisa, hita imekatika, na hapo sensa inabadilishwa bila mjadala. Usomaji ukiwa sahihi, tunaufuata waya hatua kwa hatua, hasa pale unapopita karibu na ekzosi, kwa kuwa mpira wake ukigusa chuma cha moto huyeyuka na shaba ikabaki wazi.

Msimbo P0171 ni jambo jingine. Unasema kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, na mara nyingi kosa si la sensa: mpira wa hewa umepasuka, pampu ya mafuta imechoka, au ekzosi inavuja kabla ya sensa. Tukiongeza mafuta kidogo kwa makusudi na volti zikapanda upesi kupita 0.45, sensa ya zirkonia iko hai. Kipimo hiki hakifai kwa sensa za uwiano wa hewa na mafuta zilizomo katika Toyota nyingi, wala aina hizo mbili hazibadilishani hata kama soketi zinafanana. Ukinunua ya mtumba, linganisha namba ya kifaa.

Tafadhali usifute msimbo wala kuchomoa betri kabla ya kuja, kwani hufutika pia kumbukumbu ya mwendo, joto na mzigo wa injini wakati hitilafu ilipotokea, nasi huanzia hapo.