Barua kwa mwanangu Ambwene

Tukuyu, Jumapili jioni

Mwanangu Ambwene,

Shangazi yako kapiga simu asubuhi kabla sijamaliza kukamua. Anasema juzi usiku kulikuwa na msako hapo stendi ya Makambako, kuna lori limechanwa turubai, na vijana watatu wanaouza mahindi wamezolewa. Wewe ulikuwa umeshalala, namshukuru Mungu. Lakini mmoja wao ni wa rika lako, na ameshasaini karatasi ambayo hakuisoma.

Ndiyo maana naandika. Kwenye simu huwa unajibu "sawa baba" kabla sijafika nusu.

Usisaini kitu hujakisoma. Wakishaandika maelezo yako, omba usomewe, kisha soma mwenyewe mpaka chini, palipokosewa parekebishwe kwanza. Dole gumba nalo ni saini. Mtu aliyepata 81 ya hisabati (mwalimu alinionyesha, nikajifanya sijashangaa) atashindwaje kusoma karatasi moja? Na ukiambiwa "saini tu uende zako nyumbani", hapo ndipo usisaini kabisa.

Una miaka 16. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata akiwa mrefu kama nguzo ya TANESCO. Urefu wako ndio unaonitia hofu. Wakikuandika 19 watakuweka mahabusu pamoja na watu wazima, jambo ambalo sheria hiyo inakataza. Humu kwenye bahasha kuna kivuli cha cheti chako cha kuzaliwa. Kitie kwenye nailoni, utembee nacho.

Jina, umri na unapokaa, sema bila kiburi. Kiburi chako nakijua, mama yako anadai umekitoa kwangu. Ukishataja hayo, sema: "Afande, mimi ni mtoto, naomba shangazi yangu aitwe." Mkuu wa kituo anatakiwa kumjulisha mzazi au mlezi mara moja kwamba umeshikwa, na kwa kosa gani. Msaidizi wa kisheria wa hapa kwetu alinionyesha kwa kidole kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Shangazi asipopatikana, omba afisa ustawi wa jamii. Kukaa kimya mpaka mmoja wao afike si kosa. Kuhojiwa kwenyewe ni masaa 4, wakitaka zaidi kuna utaratibu wake. Na dhamana ya polisi haiuzwi, shangazi asije akauza kuku kwa ajili hiyo.

Habari ya kaka yako Gwamaka na zile hela za bonasi ya chai unaijua, siirudii. Usichokijua ni kwamba siku ile nilipompeleka mwenyewe kituoni wakamtie adabu, askari wa kaunta aliniuliza kama naingia naye. Nikasema aingie peke yake. Nilikaa nje kwenye benchi, nikanunua karanga za mia mbili, nikazila zote. Alitoka ameshasaini. Hela mama yako alizikuta wapi, unakumbuka. Sasa yuko Tunduma na simu zangu hapokei, labda ni mtandao.

Usisaini, Ambwene.

Mama yako kakutumia ndizi na lile sweta la kijani. Asubuhi Makambako kuna upepo, usijifanye mwanaume. Hela ya mahindi mkabidhi shangazi kila jioni, usilale nayo. Mnunuzi wa parachichi anakuja Alhamisi na ngazi imevunjika vidato viwili. Najua ni wewe, hukusema. Nimejaribu kuigonga misumari mwenyewe, mbao zinapasuka. Gwamaka ndiye aliyeitengeneza, na simu zako anapokea. Muulize alitumia misumari ya inchi ngapi. Mwambie nimeuliza mimi.

Baba yako