Mgeni Ana Pesa, Nyumba Haina pa Kuipokelea

Rotterdam

Mdogo wangu,

Assalamu alaikum. Sisi huku tu wazima, ila baridi. Mpe mama mkono wangu, na akitaka kusomewa barua hii msomee, lakini zile sehemu za asilimia ziruke, atasinzia.

Jumbe nne za wageni waliotaka kulala kwenye nyumba yako ya wageni hapo Lamu, ulizonitumia, nimezisoma. Wote wanasema lile lile: walichagua chumba, wakajaza tarehe, wakafika kwenye kulipa, wakakuta Lipa na M-Pesa peke yake, wakaenda zao. Wewe umeandika pembeni kwamba hawakuwa na nia. Nia walikuwa nayo, mdogo wangu. Mtu asiye na nia hakuulizi mashua ya kumtoa uwanja wa ndege wa Manda hadi Shela ni bei gani.

M-Pesa kwenu ni kama maji, ndiyo maana huoni inachomtaka mtu kabla hajalipa hata shilingi moja. Inamtaka awe na laini ya Kenya iliyosajiliwa kwa kitambulisho au pasipoti, kisha aende kwa wakala akatie shilingi. Akishashuka Kenya hilo ataliweza. Lakini wewe arubuni unaitaka miezi miwili kabla, naye yuko Utrecht, laini hana, na shilingi hajawahi kuiona. Unamwambia apite mlango ambao ufunguo wake uko ndani ya nyumba.

Wala usidhani ni ugonjwa wa kwetu peke yetu. Hapa Uholanzi kuna iDEAL, tangu 2005. Unabonyeza jina la benki yako, programu ya benki inafunguka, unathibitisha, kwisha. Raha tupu, maadamu una akaunti ya benki ya Uholanzi. Yapo maduka ya mtandaoni hapa yasiyopokea kingine, na mtu wa Mombasa mwenye Visa yake safi hanunui hata sabuni. Na Waholanzi nao walibebeshwa kwa miaka kadi za Maestro, ambazo nyingi zilifanya kazi kaunta tu kwa sababu hazikuwa na namba ya kuandika kwenye tovuti. Tangu Julai 2023 Maestro mpya hazitolewi Ulaya. Zinazotoka ni za debit za Mastercard au Visa, na hizo zinalipa mtandaoni. Mjerumani naye ana girocard, kadi ya benki za kwao, mtandaoni haimsaidii, ndiyo maana akinunua kitu anatafuta PayPal kwanza, ile akaunti ya kulipia mtandaoni.

Kwa hiyo neno “kadi” halitoshi, uliza wageni wako wanatoka wapi. Waingereza, Wamarekani na watu wa Muscat na Dubai wana kadi na wanaitumia bila kuwaza. Wajerumani, PayPal. Waholanzi, kadi siku hizi. Watu wa Nairobi, M-Pesa, na hapo usiguse kitu. Ukiongeza kadi na PayPal umewafikia karibu wageni wote wanaofika Lamu. Mlango wa nne na wa tano ni wa kukupotezea usingizi wakati wa kufunga hesabu.

Anza na kadi. Usiende benki kuomba mashine kwanza. Tafuta kampuni ya lango la malipo, yaani inayokupokelea malipo ya kadi mtandaoni, inayofanya kazi Kenya, kama Pesapal au DPO, kisha ulinganishe ada zao kwa maandishi. Uwe tayari na cheti cha usajili wa biashara, PIN ya KRA (namba ya mlipakodi), nakala ya kitambulisho, uthibitisho wa akaunti ya benki kwa jina lile lile la biashara, na ukurasa wenye masharti ya kughairi na kurudishiwa pesa. Huo ukurasa wengi wanauruka, halafu wanashangaa ombi limekwama wiki tatu. Jina likitofautiana neno moja kati ya cheti na akaunti ya benki, nalo linakwama. Bi. Hesabu wenu alirekebishe hilo kwanza.

Omba linki za malipo hata kama tovuti haijakamilika. Unaandika kiasi na namba ya nafasi aliyoweka mgeni, linki inatoka, unaituma kwa WhatsApp, mgeni analipa kwenye ukurasa wa kampuni. Namba za kadi hazipiti kwako kabisa, na hivyo ndivyo itakiwavyo. Nimesikia kuna nyumba huko zinaomba picha ya kadi mbele na nyuma. Usithubutu. Mgeni anayejua mambo atakimbia, asiyejua ataibiwa siku moja na simu ya mtu wa mapokezi ndiyo itakayotajwa.

Ada ya kadi ihesabu kama asilimia tatu na nusu hivi, kutegemea mkataba. Chukua mfano wa chumba cha 8,000, siku tatu, jumla 24,000. Arubuni ya asilimia 30 ni 7,200. Ada yake ni 252. Sasa linganisha na yule mgeni wa mwaka jana uliyemwambia atume kwa benki. Benki za njiani zikikata dola 20, kwa kiwango cha 129 hiyo ni 2,580, zaidi ya theluthi ya arubuni nzima. Halafu ukamwandikia kwamba “hakulipa kamili”. Alilipa kamili, zimeliwa njiani.

Benki kwa benki iache kwa vikundi, watu wanane, wiki nzima. Hapo mweleze mtumaji mambo manne. Achague malipo ya nje ya Ulaya, kwa sababu fomu ya kawaida hapa inadai IBAN, namba ndefu ya akaunti inayotumika Ulaya, na benki za Kenya hazina IBAN. Anahitaji namba ya akaunti na msimbo wa SWIFT unaoitambulisha benki yako, wenye tarakimu na herufi 8 au 11. Jina la mpokeaji aandike kama lilivyo benki, si jina la kibao cha mlangoni. Na kwenye ada achague OUR, ambapo gharama zote anabeba mtumaji. Akiacha SHA, yaani gharama za kugawana, kila benki zinakopita inaweza kuchota chake. Zitachukua siku mbili hadi tano za kazi, basi usimwambie mgeni “sijaiona” kesho yake asubuhi.

Nirudi kwenye kadi, kwa sababu ndiko mambo yanakoharibikia. Ukurasa wako wa kuweka nafasi una kisanduku cha simu kinachokubali tarakimu 10 zinazoanza na 07 au 01. Namba ya Mholanzi ni +31 6 na tarakimu nane. Kisanduku kinamkatalia, na maandishi mekundu yanamwambia “namba si sahihi”, naye anaijua namba yake kuliko mama yake. Mwambie fundi wa tovuti aruhusu alama ya kujumlisha na hadi tarakimu 15. Kisanduku cha kaunti kisiwe cha lazima. Nchi isifungwe kwenye Kenya, kwa kuwa baadhi ya benki zinalinganisha anwani na ile ya kadi.

La pili, uthibitisho. Benki za Ulaya mara nyingi zinamtaka mwenye kadi athibitishe malipo ya mtandaoni, kwa programu ya benki au kwa msimbo wa SMS. Fundi akiufungia ukurasa wa lango ndani ya fremu ya tovuti yako, mara nyingine ukurasa wa benki unagoma kufunguka na mgeni anabaki anatazama duara linazunguka. Lifunguke kwenye ukurasa wake kamili. Na hili la SMS lina mtego mwingine: mgeni akifika Kenya anatoa laini ya kwao, anaweka ya Safaricom, halafu wewe unamtaka alipe baki kwa kadi. Msimbo unakwenda kwenye laini iliyo mkobani. Atajaribu mara tatu, benki yake inaweza kufunga kadi, na jioni hiyo hata mashine ya ATM isimtambue. Arubuni ichukue kabla hajasafiri. Baki alipe kwa M-Pesa au taslimu.

La tatu ni jina linalotokea kwenye taarifa ya benki ya mgeni. Likitokea jina la kampuni ya lango peke yake, baada ya mwezi atajiuliza huyu ni nani, ataiambia benki hajui muamala huo, na pesa zitavutwa kutoka kwako. Kwa kawaida ana siku 120 za kulalamika, na akidai hakupata huduma, huanza kuhesabiwa tangu siku aliyotakiwa kuipata. Omba jina la nyumba liwekwe, kisha kwenye barua pepe ya risiti andika wazi: malipo haya yataonekana kwenye benki yako kwa jina hili. Weka pia daftari la kusaini wakati wa kuingia. Sahihi moja humaliza madai mengi.

PayPal iwe ya pili. Fungua ya biashara, usitumie ile yako ya binafsi. Ada ni kubwa kuliko kadi, weka asilimia nne hadi tano kichwani, na ukibadilisha dola kuwa shilingi kiwango chao nacho kinakula. Tangu 2018 unaweza kuhamishia M-Pesa, lakini jina la PayPal na la M-Pesa lazima yafanane. Wewe kwenye kitambulisho una majina matatu na PayPal umeandika mawili, rekebisha kabla pesa hazijaingia. Akaunti mpya wanaweza kushikilia pesa hadi siku 21, basi usipange kununua makuti ya dari kwa arubuni ya kwanza. Na usiwaombe wageni watume kama “marafiki na familia” ili kukwepa ada. Mgeni anapoteza kinga yake, wewe unavunja masharti, na akaunti ikiwekewa kizuizi pesa zinaweza kukaa siku 180.

Mtu akikuuliza kwa nini jamaa wa huku wasitumie zile programu za kutuma pesa nyumbani, mjibu kwamba nyingi zimefungwa kwa matumizi ya familia. Kulipia hoteli kunaweza kuzuiwa, na mara nyingi pesa zinaingia kwenye simu ya mtu, si kwenye Till, namba ya M-Pesa ya biashara. Siku huyo mtu akiacha kazi, mtaanza kutazamana.

Sasa M-Pesa yenyewe, maana hata wenye M-Pesa unawapoteza. Kwenye ripoti ya lango tazama namba za kosa. 1 ni salio halitoshi, 2001 ni namba ya siri isiyo sahihi, 1032 mteja kaghairi mwenyewe. Hao waache. 1037 ndiyo ya kushughulikia: ombi la kulipa halikufika kwenye simu yake au hakujibu kwa wakati. Simu ilizimwa, mtandao dhaifu, au ni Mkenya aliye nje na laini yake iko kwenye simu ya pili. Huyo mpe namba ya Till aandike mwenyewe kwa wakati wake, kisha akutumie msimbo wa muamala ulio kwenye ujumbe wa M-Pesa. Kumbuka pia mwisho wa muamala mmoja ni shilingi 250,000; kikundi kikubwa kigawe.

Msimbo wenyewe ujifunze kuusoma, kwa sababu ujumbe bandia ni mwingi. Herufi ya kwanza ni mwaka, S ni 2024 na T ni 2025. Ya pili mwezi, A ni Januari. Ya tatu siku, na baada ya 9 zinaanza herufi, A ikiwa 10. Unaoanza na TC7 ni wa tarehe 7 Machi 2025. Mtu akikuonyesha TC7 mwezi wa Agosti akisema katuma sasa hivi, mpe kiti akae. Lakini hata herufi zikilingana, chumba hakifunguliwi mpaka umeiona kwenye taarifa yako mwenyewe.

Hesabu: namba ya nafasi iwe moja kila mahali, kwenye linki, kwenye PayPal, kwenye maelezo ya benki. Daftari liwe na kiasi alicholipa mgeni, ada, kilichoingia, na tarehe kilipoingia. Kadi huingia benki siku kadhaa baadaye na mara nyingine wageni watatu kwa mkupuo mmoja, ada ishakatwa. Bila namba ya nafasi hutajua nani ni nani.

Linki ikiwa tayari nitumie ya shilingi 100. Nitalipa kwa kadi ya huku, na nikishalipa unirudishie. Kurudisha ndiko kugumu: kitufe kiko wapi, nani ana ruhusa, ada inarudi au hairudi. Ufanye hivyo na mimi kabla hujafanya na mgeni mwenye hasira. Nitumie saa nne za usiku za huko, nitakuwa nimetoka kazini.

Salamu kwa shangazi na watoto wote. Mwambie nahodha wenu wa mashua nimemsikia, koti lake nimeshalipata.

Kaka yako