Kwa Mama Baraka, kuhusu usingizi wa kijana wako

Umoja, Nairobi
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Baraka,

Hamjambo huko Rongai? Barua yako niliipata. Nilipofika pale unaposema Baraka anapata usingizi saa tano usiku, na alfajiri basi la shule linawapigia honi gizani, nilicheka kwa uchungu. Zuri wangu alikuwa vivyo hivyo.

Kwanza, mama mkwe asikutie presha kwamba mtoto ana kiburi. Watoto wengi wenye ADHD kama hawa wetu, yaani hali ya kushindwa kutulia na kukaza makini, ile homoni ya melatonini inayouambia mwili kuwa usiku umeingia huchelewa kutoka. Ukimlaza saa mbili na mwili wake bado uko jioni, atadai maji, atadai choo, mwishowe mtagombana. Ndiyo maana nakwambia, usishangae, umlaze akiwa amechelewa. Kama usingizi humshika saa tano, asiingie kitandani kabla ya saa tano kasorobo. Lakini asubuhi mwamshe saa ile ile, hata wikendi, umtoe nje apigwe na mwanga. Akianza kulala upesi bila vita, mlaze dakika 15 mapema zaidi, kaeni hapo siku kadhaa, kisha punguza tena. Jumamosi ndiyo ngumu, maana hata wewe unautaka huo usingizi.

Mtoto wa umri wake, miaka 6 hadi 12, anahitaji saa 9 hadi 12 za kulala. Sasa akiamshwa saa kumi na moja, hata hizo 9 zitatoka wapi? Hapo kosa si la Baraka, ni la foleni ya Magadi Road na hizi shule zetu zinazobeba watoto usiku. Ulizia kama basi lina raundi ya pili. Kama ipo, pigania nafasi.

TV na simu zizimwe saa nzima kabla ya kulala, na chai ya jioni, hata ya maziwa, muiache. Mengine yaende kwa mpangilio mmoja kila siku: kuoga, nguo za kulala, meno, hadithi moja, taa. Mimi nimeuchora ukutani kwa picha, kwa sababu maagizo matano ya mdomo humpotea Zuri kabla hajafika bafuni.

Halafu kuna kadi. Nilikata boksi la majani chai, nikachora mlango. Ni ruhusa ya kutoka kitandani mara moja tu, iwe ni maji, iwe ni kuja kuniuliza kama samaki hulala. Akiitumia, ninaichukua. Ikibaki hadi asubuhi, yeye ndiye anachagua kiamshakinywa. Siku hizi anaificha chini ya mto kama pesa za chama.

Dawa yake ya ADHD usiibadilishe mwenyewe. Muulize daktari kuhusu saa ya kumpa, kwa sababu ikichelewa mchana inaweza kumfanya akeshe, na kuna watoto wanaochachamaa zaidi jioni inapoisha mwilini. Mwambie pia kama Baraka hukoroma au miguu haitulii usiku. Mafindofindo makubwa na upungufu wa madini ya chuma huvuruga usingizi, na hayo yana matibabu yake.

Niandikie mkitoka kliniki, na uniambie wa basi wamesemaje. Baba Baraka msalimie.

Wako,
Mama Zuri