Kitabu chako kimefika maktaba, mdogo wangu

Mdogo wangu,

Salaam aleikum. Kitabu chako kimefika. Nakala tatu, boksi moja na vitabu vingine vya hadithi, na aliyelifungua boksi ni mimi. Juu zilipangwa riwaya za Kiingereza za msaada, zile nene zenye mwanamume anayekimbia kwenye jalada. Katikati kulikuwa na Peponi, ile riwaya ya Gurnah, nakala nyingine, maana ile ya kwanza imeshaachia kurasa kwa kuazimwa. Chini kabisa, wewe. Nilikutambua kwa picha ya nyuma kabla sijasoma jina. Ule mtandio uliojitanda ni wangu, ulisema utaurudisha baada ya Idi.

Utauliza mbona nakuandikia hapa, mbele za watu. Simu zangu hupokei. Sauti ninazokutumia WhatsApp unazisikiliza, alama zinaonyesha, kisha kimya. Na wewe ndiye uliyetangulia kutuandika mbele za watu, kwa hiyo tusifundishane adabu.

Tuanze na hili la kukificha. Mama mdogo amenipigia na sauti ya msibani: eti umekificha kitabu cha mwenzio? Sikukificha. Kitabu hakitoki kwenye boksi kikarukia rafu. Kinaandikwa kwenye daftari la mapokezi. Kinapigwa mhuri kwenye ukurasa wa jina, kisha kinapigwa tena kwenye ukurasa wa ndani ambao sisi wafanyakazi tu tunaujua, ili mwizi akichana wa mbele tuweze bado kukitambua. Kinapewa namba, lebo ya mgongoni, karatasi ya tarehe ya kurudisha. Kipindi hicho wanafunzi wa kidato cha nne walijaa mpaka kwenye ngazi, na lebo zilikuwa zimekwisha. Kilikaa kwenye droo yangu kikisubiri lebo. Ile droo ina kufuli kwa sababu ya pesa za faini, si kwa sababu yako.

Na usinifananishe tena na waliopiga marufuku Rosa Mistika. Ujumbe wako niliusoma kwenye kundi la familia, nikacheka, kisha nikaona kumbe unamaanisha. Kezilahabi alikitoa kitabu kile 1971, wakubwa wakakizuia shuleni kwa kusema wazi yanayowakuta wasichana. Sijasikia mtu wa Ukerewe, kwao Kezilahabi, aliyesimama akasema yule mle ndani ni bibi yangu mzaa mama, na hata kikohozi ni chake.

Nimekisoma, tena mara mbili, kwa hiyo usije ukasema nahukumu jalada. Sura ya kivuko, watu wanavyosubiri ng'ambo ya Bweni na ndoo za samaki, nimeisoma chai ikapoa. Umeandika kama mtu aliyekulia mle. Niliona fahari, wallahi, na nikataka kumwonyesha mtu, nikakumbuka kwamba siwezi kumwonyesha mtu. Nani aliyekuwa anakuficha nyuma ya kaunta wakati wa likizo, na mkubwa wangu wa kazi akipita unajikunja chini ya meza? Ulimaliza Kusadikika bila kuelewa nusu yake, ukaniuliza kama Shaaban Robert bado yupo Machui twende tukamsalimie. Alishakufa tangu 1962. Ulilia. Nilikununulia mkate wa kumimina unyamaze.

Sasa, kazi yangu. Watu wanadhani kumpanga mwandishi kwenye rafu ni kazi ya mikono. Kwa mpango wa Dewey, ule wa namba za kupangia vitabu maktabani, fasihi ya Kiswahili iko 896.392, na riwaya ya Kiingereza cha Uingereza iko 823. Kanuni inasema tafsiri ifuate lugha iliyoandikiwa mwanzo. Kwa kanuni hiyo Peponi, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota 2022, ilitakiwa ikakae 823 na Waingereza, kwa kuwa Abdulrazak Gurnah aliiandika kwa Kiingereza. Mimi nimeiweka na ndugu zake wa Kiswahili. Mkaguzi akija tutaongea. Ilichukua miaka 28 tangu kitoke 1994 mpaka kifike kwetu kwa lugha ambayo Yusuf mwenyewe, yule mtoto wa mle ndani, angeongea, na Nobeli ya 2021 ndiyo iliyowaamsha watu. Siwezi kukirudisha ng'ambo kwa ajili ya namba.

Wewe umekaa karibu na Kezilahabi, kwa jina la ukoo wa baba yako. Si mahali pabaya.

Kuna mwanamke mmoja anakuja kila Alhamisi. Hasalimii kwanza, anauliza kwanza: "Vipya vimefika?" Vya shule havimhusu, anataka hadithi. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi aliisoma kabla ya filamu kutoka 2021, akaja kunilalamikia kuhusu filamu ambayo mimi sijaiona. Peponi alikirudisha kabla ya siku zake, akaegemea kaunta akasema, "Yule baba alijua anachofanya. Kumtoa mtoto kwa deni, unajua kabisa." Akanyamaza, akachukua kingine. Wasomaji wa namna hii kwetu hawajai kiganja, na bila wao rafu ya vitabu vipya ingekuwa pambo.

Unamjua. Ni binti wa jirani yetu wa Pangani, niliyecheza naye rede mpaka magharibi. Ameolewa Ngamiani, ana wajukuu. Ameshasikia kwamba una kitabu. Ameandikisha jina kukisubiri, na kila akija anasema, "Mdogo wako kaandika, alhamdulillahi, nani angedhani."

Mdogo wangu, ulipokuwa unaandika ile sura ya saba, ulimfikiria hata kidogo?

Mwaka 1983 ulikuwa hujazaliwa. Unaandika makatoni ya sabuni chini ya kitanda cha Bibi kama mtu aliyeyaona. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kile nililala mimi. Redio ilitaja wahujumu uchumi asubuhi na jioni. Sukari ilikuwa kwa foleni, sabuni kwa kujuana, na watu wazima walinong'ona kuhusu waliomwaga mafuta ya kula mtoni usiku ili wasikutwe nayo. Bibi aliniambia nijifanye nina homa. Mgambo waliingia, wakaona mtoto amefunikwa mpaka kichwani, wakatoka. Kisha wakaenda nyumba ya pili. Kule walikuta doti za kanga na gunia la sukari, wakamchukua mume wa jirani. Aliporudi alikuwa mwembamba, na lile duka halikufunguliwa tena. Hayo niliyaona. Ni nani alisema nini mlangoni kwetu kabla hawajaenda nyumba ya pili, mimi nilikuwa chini ya shuka.

Baada ya hapo wanawake wale wawili, Bibi na jirani, waliishi ukuta kwa ukuta miaka na miaka. Waliazimana chumvi, mbuzi ya nazi, hata jeneza la mtoto walilisindikiza pamoja. Na Bibi alipokufa, miongoni mwa waliomwosha alikuwepo yeye. Alimwosha na mikono yake, mdogo wangu. Nilikuwa nashika ndoo.

Kama alijua, alijua. Kama hakujua, amekwenda zake hajui, Mungu amrehemu. Hilo lilikuwa lao wawili.

Sasa nije kwenye ile siku uani, kwa sababu najua unajua kwamba nitakuja huko. Bibi alikuwa anapeta mchele. Mtoto wa jicho alishamfunga macho yote mawili, anaupeta kwa mazoea tu, na wewe umekaa naye jamvini unamwongezea kahawa. Sauti yako ilikuwa ile ya utotoni. "Ehe, Bibi. Halafu?" Nilisimama mlangoni na beseni la nguo. Nikaona ncha ya simu imetokeza chini ya jamvi, na zile namba zinakimbia. Bibi akasema, "Nilitaja ya kwake wasije wakafungua ya kwangu." Akakohoa. Akaendelea kupeta. Kisha akainua uso upande wangu akauliza, "Nani yupo mlangoni?"

Ukanitazama. Ukasema, "Hakuna mtu, Bibi."

Maneno ya Bibi yamo kwenye kitabu, neno kwa neno, mwisho wa sura ya saba, na kikohozi umekiweka. Ya kwako hukuyaweka. Yule mjukuu kwenye kitabu anasikiliza huku anatokwa machozi, hana simu, na mlangoni hapana mtu. Uliwezaje kubuni machozi ukashindwa kubuni jirani? Ungemfanya muuza mkaa. Ungehamishia Lindi. Ungegeuza sabuni kuwa betri. Wewe umebadilisha rangi ya mlango tu, ukampa Bibi jina la mama yake mzazi, ukadhani umetuficha.

Najua utanijibu kwamba hadithi lazima itoke mahali. Itoke. Gurnah aliondoka Unguja kijana, baada ya Mapinduzi, na nusu ya vitabu vyake vinarudi huku huku pwani. Lakini jaribu kumsaka baba yake Yusuf ni baba wa nani hasa, hutampata, na bado yule mwanamke wa Alhamisi alimwelewa mpaka akanyamaza. Adam Shafi alipotaka kusimulia safari za maisha yake mwenyewe aliandika Mbali na Nyumbani akajiweka yeye ndani, akabeba yake. Hizo ni njia mbili, na zote zina heshima yake. Wewe umepita katikati: umeandika ya Bibi, ukaita riwaya, ili anayeumia aambiwe "ni hadithi tu hiyo."

Mimi nimefanya kazi na hadithi tangu hujavunja ungo. Najua zinavyosomwa. Msomaji wa huku hatafuti falsafa, anatafuta nani ni nani. Kitabu kikifika tu, swali la pili baada ya "kizuri?" ni "huyu anamsema nani?" Kwa hiyo niliposema kisubiri, nilikuwa nakulinda wewe. Nilikuwa namlinda na yule wa Alhamisi. Mkubwa ni wa kufikiria mambo hayo, maana wadogo mnafikiria uzinduzi na picha.

Na usiniulize kwa nini sikufungua mdomo ile siku nikamwambia Bibi kwamba anarekodiwa. Nilikuwa na nguo mkononi. Bibi alikuwa hajasema maneno mengi kiasi kile tangu kufungwa macho, alikuwa anasema kama mtu anayetua mzigo, ningemkatiza vipi? Kisha ningesema nini, kwamba mjukuu wake kipenzi ni mwizi? Angekufa na hilo. Nilifanya ambalo mtu mwenye akili angefanya. Halafu sikujua utakipeleka kuchapishwa, nilidhani unataka sauti yake ya kumbukumbu, kama sisi wote. Ile sauti bado unayo? Nitumie. Usinitumie kwenye kundi, nitumie mimi.

Nimeambiwa umekipeleka kitabu kwenye mashindano. Mungu akufungulie, nasema kwa moyo mmoja. Tangu Taasisi ya Elimu ianze kutoa ile Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu 2023, vijana wanaokuja kuniuliza jinsi ya kutoa riwaya wameongezeka, na mimi nawaonyesha picha yako. Nawaambia yule alijifunza kusoma chini ya meza hii. Ukishinda nitapika pilau. Lakini pilau siyo msamaha, tusichanganye vyombo.

Lebo zimefika. Kitabu kina namba, kina mhuri sehemu zote mbili, na Jumatatu nakala mbili zinapanda kwenye rafu ya vitabu vipya. Ya tatu nimeizuia kwa jina lake, kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza kwenye orodha. Alhamisi huwa anafika saa nane mchana. Panda basi la alfajiri pale Mbezi, mapema mchana uko stendi ya Kange, Tanga, nitakuja kukupokea na bodaboda ya jirani. Umkabidhi mwenyewe, mkae kwenye benchi la nje, umweleze sura ya saba kabla hajaifikia peke yake usiku. Nitawaletea maji. Sitasogea karibu.

Usipokuja nitamwazimisha mimi, kwa siku kumi na nne, kama msomaji mwingine yeyote. Na akirudi akaniuliza kama Bibi aliyasema yale, na nani mwingine alikuwepo anasikia, nitamwambia nilikuwa mlangoni.

Dada yako