Barua ya wazi kwa vijana wetu mlioapa kuitumikia sheria Marekani

Wanangu na wajukuu zangu mlio kwenye ofisi za waendesha mashtaka na idara za upelelezi, na ninyi mnaosomea sheria vyuoni,

Asalaam aleikum, na salamu kwenu nyote wa kila dini.

Nimekuwa nikiwasikiliza mkibishana harusini, msibani na kwenye makundi ya WhatsApp. Huyu anasema Trump ameiua Wizara ya Sheria. Yule anasema alianza Biden, na Trump analipiza tu alichotendewa aliposhtakiwa. Mmoja wenu amekuja kuniuliza kama aache kazi. Mwingine anamaliza shule ya sheria mwaka huu, na mamake amemkataza hata kutuma maombi serikalini. Nimeona niwajibu pamoja, kwa maandishi, maana kwenye harusi hakuna anayemaliza sentensi.

Mimi si mwanasheria. Nilikuwa karani wa mahakama nchini Kenya enzi za chama kimoja. Kazi yangu ilikuwa kupanga majalada, kuita majina na kuandika tarehe za kutajwa kesi. Karani haulizwi maoni, ila anaona mengi. Nilimwona mwendesha mashtaka akisimama na karatasi moja yenye mistari michache na sahihi ya Mwanasheria Mkuu, kwamba Jamhuri haitaki kuendelea na kesi hii. Hakimu hakuwa na la kuuliza. Mshtakiwa akaambiwa aende zake, nami nikalifunga jalada. Kesi za watu wenye majina zilikwisha hivyo, na watu barazani wakasema fulani ameponea. Sisi tulioisoma sheria ile tulijua hajapona. Sheria ilisema kuachiliwa kwa namna hiyo hakumzuii mtu kushtakiwa upya kwa kosa lile lile. Alitoka mahakamani na kamba shingoni, ncha yake ikiwa mkononi mwa serikali.

Kwa hiyo habari za meya wa New York, Eric Adams, ziliponifikia Februari 2025, sikushangaa kama mlivyoshangaa ninyi. Adams alikuwa ameshtakiwa kwa rushwa Septemba 2024. Emil Bove, aliyekuwa akikaimu unaibu wa Mwanasheria Mkuu wa Marekani, ambaye ndiye mkuu wa Wizara ya Sheria, akaagiza kesi iondolewe. Agizo lenyewe lilisema waziwazi kwamba halikupima nguvu ya ushahidi. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingine, mojawapo ikiwa kwamba kesi inamzuia meya kusaidia vilivyo katika suala la wahamiaji na uhalifu. Tena iondolewe kwa namna ambayo inaweza kurudishwa siku yoyote. Kamba ni ile ile, bahari tu ndiyo iliyobadilika.

Aliyeagizwa kuiondoa alikuwa Danielle Sassoon, kaimu mwendesha mashtaka mkuu wa serikali kuu kwa wilaya ya kusini ya New York. Wale wanaosema wanaogoma ni wafuasi wa Democratic, chama kinachompinga Trump, wamtazame vizuri huyu mama. Aliwahi kuwa karani wa Antonin Scalia, jaji mhafidhina wa Mahakama ya Juu, na nafasi ile alikalishwa na utawala huu huu wa Trump. Alimwandikia Mwanasheria Mkuu Pam Bondi barua ya kurasa nane akieleza kwa nini hawezi kusimama mbele ya jaji na kuliomba jambo lile, kisha akajiuzulu. Kesi ikahamishiwa Washington, na huko nako watu wakajiuzulu. Hagan Scotten, aliyekuwa akiiendesha kesi yenyewe, naye akaaga. Aliandika kwamba hatimaye watampata mjinga au mwoga wa kutosha wa kuwasilisha ombi hilo, ila mtu huyo hatakuwa yeye.

Sassoon ni rahisi kumsifu. Anayenikosesha usingizi ni mwingine. Iliripotiwa kwamba wanasheria wa kitengo cha kesi za rushwa za viongozi walikusanywa wakaambiwa apatikane wa kutia sahihi, na mwanasheria mmoja mkongwe akajitolea ili wenzake, wengi wao vijana, wasipoteze kazi. Sina ulimi wa kumlaani mzee huyo. Pengine nami ningefanya hivyo, nikiwa na vijana wenye watoto wadogo wamenitazama usoni. Lakini angalieni hesabu yake. Aliyetoa agizo hakuhitaji kuungwa mkono na ofisi nzima. Alihitaji mkono mmoja, na kwa huruma ya mzee yule akaupata. Huruma ilikuwa ya kweli, na karatasi ikafika mahakamani ikiwa na sahihi.

Jaji Dale Ho aliifuta kesi ile Aprili 2, 2025, kwa sababu hana uwezo wa kumlazimisha mwendesha mashtaka kuendesha kesi asiyoitaka. Ila aliifuta moja kwa moja, isirudi tena, na akaandika kwamba kila kitu kilinuka biashara ya kubadilishana. Kamba ameikata. Rushwa yenyewe, kama ilikuwepo au haikuwepo, hatutaijua mahakamani.

Kwetu Kenya tulijifunza kwa machungu. Mwaka 1986 Katiba ilirekebishwa, Mwanasheria Mkuu akaondolewa kinga ya kutofukuzwa kazi ovyo, na miaka miwili baadaye ikawa zamu ya majaji. Kinga zilirudishwa 1990, lakini zile karatasi ziliendelea kuja. Ndiyo sababu Katiba ya 2010, kwenye kifungu cha 157, imeandika kwamba Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma haagizwi na mtu yeyote, na hawezi kuiondoa kesi bila idhini ya mahakama. Sisemi kifungu hicho kimetuponya; mnaosoma magazeti ya nyumbani mnajua kesi zinavyoondolewa mpaka leo. Ila angalau sasa mwendesha mashtaka anatakiwa ajieleze mbele ya hakimu.

Katiba ya Marekani haina kifungu kama hicho. Wengi wenu hamkulijua hili mpaka mlipoingia kazini. Hakuna mahali Katiba yao inamkataza rais kumwagiza mwendesha mashtaka amshtaki nani na amwache nani. Ukuta kati ya White House na Wizara ya Sheria ulijengwa zaidi kwa desturi, tena majuzi tu. Oktoba 20, 1973, Rais Nixon alitaka Archibald Cox, aliyekuwa akiichunguza kashfa ya Watergate iliyomgusa Nixon mwenyewe, afukuzwe. Mwanasheria Mkuu Elliot Richardson akakataa akajiuzulu, naibu wake William Ruckelshaus akakataa akaondoka, na wa tatu, Robert Bork, akafukuza. Hata pale mkono mmoja ulitosha. Baada ya Nixon kuanguka, Rais Ford alimleta Edward Levi, mwalimu wa sheria, naye mwaka 1976 akaiandikia FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu, miongozo ya nani achunguzwe na kwa sababu gani. Mwaka huo huo Congress, bunge lao, ikaweka kwamba mkurugenzi wa FBI atakaa miaka 10, si zaidi, maana J. Edgar Hoover alikuwa amekaa 48. Miaka hiyo 10 ilikusudiwa pia kumvusha kutoka rais mmoja hadi mwingine, lakini sheria haikumzuia rais kumfukuza. James Comey alifukuzwa na Trump 2017. Christopher Wray aliondoka Januari 2025 kabla hajafukuzwa.

Hapo nitie neno kwa wale wanaolia kana kwamba tulikuwa peponi. Wizara ya Sheria ilianzishwa 1870, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo, chini ya Amos Akerman, ilikuwa kuwashtaki Ku Klux Klan waliokuwa wakiwaua Weusi waliotoka utumwani. Karne moja haijapita, FBI ya wizara hiyo hiyo ikawa inasikiliza simu za Martin Luther King, kwa idhini ya Mwanasheria Mkuu Robert Kennedy mwaka 1963. Mwaka uliofuata ikamtumia barua isiyo na jina ya kumdhalilisha na kumsukuma ajiue. Kennedy alikuwa wa Democratic. Kwa hiyo anayewaambia kwamba chama chake hakijawahi kugusa kisu hiki, mpisheni aendelee na pilau yake. Na Joe Biden aliyesema hatamsamehe mwanawe Hunter aliyepatikana na hatia, Desemba 2024 akamsamehe, akitoa sababu kwamba mashtaka yalichanganyika na siasa. Alipoandika hayo aliwapa wengine maneno ya kutumia, nao wakayatumia. Januari 20, 2025, watu wapatao 1,500 wa ile vurugu ya Januari 6, 2021, kwenye jengo la Congress, wakapata msamaha wa Trump, wakiwemo waliowapiga polisi.

Lakini sitaki mnisome vibaya, mkadhani nasema wote ni sawa basi tulale. Kilichotokea Septemba 2025 sijakiona Marekani tangu nifike. Mwaka 1940 Robert Jackson, akiwa Mwanasheria Mkuu, aliwakusanya waendesha mashtaka wa serikali kuu akawaonya kwamba hatari kubwa ya kazi yao ni kumchagua mtu kwanza, halafu kumtafutia kosa. Septemba 20, 2025, rais aliandika hadharani, akimwita Bondi kwa jina lake la kwanza, akataja mahasimu wake watatu: Comey, Seneta Adam Schiff na Letitia James, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York. Alitaka hatua zichukuliwe sasa. Siku moja kabla, Erik Siebert, mwendesha mashtaka wa wilaya ya mashariki ya Virginia, alikuwa ameondoka baada ya kushinikizwa. Akawekwa Lindsey Halligan, aliyewahi kuwa wakili binafsi wa Trump na ambaye hakuwahi kuendesha mashtaka maishani mwake. Septemba 25 Comey akashtakiwa, na hati ya mashtaka ilikuwa na sahihi ya Halligan peke yake. James akafuata Oktoba.

Sasa sikilizeni kilichoziangusha kesi hizo, maana karani hupenda habari kama hizi. Mwaka 2006, wakati wa George W. Bush, waendesha mashtaka kadhaa wa serikali kuu walifukuzwa kwa mkupuo, na ikagundulika sheria ilikuwa imebadilishwa kimyakimya ili Mwanasheria Mkuu aweke makaimu wa kukaa bila kikomo. Congress ikafanya vikao, Alberto Gonzales akaishia kujiuzulu, na mwaka 2007 sheria ikarudishwa: kaimu anayewekwa na Mwanasheria Mkuu ni wa siku 120, zikipita, majaji wa wilaya ndio wanaoteua. Watu wakasahau. Novemba 24, 2025, Jaji Cameron Currie alizifuta kesi za Comey na James kwa kifungu hicho hicho, akisema Halligan hakuteuliwa kihalali, maana zile siku 120 zilikwisha wakati wa Siebert. Kuna mtu alikaa kamati fulani mwaka 2007 akabishania siku 120 huku wenzake wakisinzia.

Kwa hiyo wewe uliyeuliza kama uache kazi, jibu langu ni usiache leo. Ukiondoka kwa hasira kabla hujaombwa lolote baya, kiti chako hakitabaki kitupu. Kaa uendeshe kesi za walaghai wa benki na wauza watoto, kazi hiyo bado ipo na bado ni njema. Ila kaa chini usiku mmoja uandike, kwa mkono wako, karatasi ambazo hutatia sahihi. Ziandike sasa hivi kabla hujaletewa, maana siku hiyo utapewa saa moja na bosi atakuwa anakutazama. Agizo la mdomo liombe kwa maandishi; mara nyingi litayeyuka hapo hapo. Na kiapo ulichoapa kisome tena: ulimwapia nani? Katiba imetajwa pale, rais hakutajwa.

Kisha, mwanangu, gari lile. Sitalisema jina la mwenye gari, anajijua. Nyumba ya mkopo, gari la mkopo, arusi ya mkopo, halafu unataka uweze kumwambia mkubwa wako hapana? Weka akiba ya miezi sita kabla hujabadilisha hata simu. Wengi waliotia sahihi karatasi mbaya kule nyumbani hawakuwa waovu. Walikuwa na karo ya shule ya Januari. Na sisi wazazi tupunguze kuwatumia orodha za michango kila wiki, maana tunawauza bila kujua.

Mama uliyemkataza bintiyo, nakuheshimu sana, na hofu yako naielewa. Ulikotoka, kazi ya serikali ilikuwa kuchagua kati ya kula na kuliwa. Hata hivyo mwache atume maombi. Ukimzuia yeye, hutakuwa umemzuia mtoto wa yule asiyeona haya.

Wapelelezi, na hasa mlio kwenye idara za uhamiaji, kwenu nina neno fupi. Ukiambiwa mtazame fulani, uliza amefanya nini. Ukijibiwa alivyosema badala ya alivyofanya, hapo umefika ukingoni.

Na ninyi wengine ambao hamna kazi ya serikali, msidhani barua hii haiwahusu. Desemba 2025 serikali ilijaribu kumshtaki Letitia James upya, na majopo makuu ya mahakama mawili, la Norfolk na la Alexandria, yakakataa. Jopo hilo ni raia wa kawaida, 16 hadi 23, na lazima 12 wakubali ndipo mtu ashtakiwe. Kinyozi anaingia humo, muuguzi anaingia, dereva wa lori naye. Nawajua wengi wenu: tukipata uraia tunapiga picha na bendera, halafu barua ya kuitwa jopo ikifika tunatafuta daktari wa kutuandikia udhuru. Malipo ni dola 50 kwa siku, kidogo kweli, lakini mwajiri haruhusiwi kisheria kukufukuza kwa sababu umekwenda mahakama ya serikali kuu kuhudumu. Fomu yenyewe siku hizi hujazwa kwenye intaneti. Asiyeiweza aje nayo Ijumaa baada ya swala, nitakaa naye pale nyuma kwenye meza ya chai, na aje na ile barua yenyewe yenye namba yake ya jopo, si picha ya nusu kwenye simu.

Ni mimi mzee wenu,
karani mstaafu wa mahakama,
Columbus, Ohio