Barua juu ya Mathieu Kérékou

Ndugu yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima pamoja na wote nyumbani. Uliandika kwamba mwanajeshi aliyetwaa nchi kwa bunduki hawezi kuiachia kwa karatasi ya kura. Nimeona nikujibu kwa habari za Mathieu Kérékou wa Benin, ambaye maisha yake yamenishughulisha kwa muda mrefu.

Alipindua serikali tarehe 26 Oktoba 1972, wakati nchi ingali ikiitwa Dahomey, akatangaza siasa ya Kimaksi mwaka 1974, na mwaka uliofuata akabadilisha hata jina la nchi. Ubaya wake sitauficha: wapinzani walitupwa gerezani Ségbana, kaskazini, na wengine waliteswa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mabenki ya serikali yalifilisika, walimu na watumishi wakakaa miezi bila mishahara, na wanafunzi wakagoma. Februari 1990 akaitisha Mkutano wa Kitaifa mjini Cotonou, ulioongozwa na Askofu Isidore de Souza, na wajumbe wakajitangazia mamlaka kamili juu ya nchi. Jeshi lilikuwa bado mkononi mwake, na amri moja ingetosha kuwatawanya, lakini aliyapokea maamuzi yao. Mwaka uliofuata Nicéphore Soglo akamshinda kwenye uchaguzi, naye akaondoka madarakani bila risasi kulia.

Alirudi kwa kura mwaka 1996, na hapa pana jambo ninalolipenda kuliko yote. Kiapo cha rais wa Benin hutaja Mungu na mizimu ya wahenga. Kérékou, ambaye wakati huo alikuwa Mkristo wa kilokole, aliiruka mizimu alipokuwa akiapa. Mahakama ya Katiba ikasema kiapo hicho hakijatimia, na jenerali aliyewahi kutawala kwa amri miaka 17 akasimama tena kuapa upya, mara hii bila kuruka neno.

Uchaguzi wa mwaka 2001 haukumletea heshima, kwa kuwa wapinzani wake wakuu walisusia duru ya pili wakilalamikia wizi wa kura. Hata hivyo, mwaka 2006, katiba ilipomzuia kwa mihula na kwa umri, hakuigusa. Alimkabidhi nchi Thomas Boni Yayi, na akafariki tarehe 14 Oktoba 2015.

Watu walimwita Kinyonga. Sisi tukimwita mtu hivyo tunamaanisha kigeugeu, lakini yeye alilikubali jina na kusema kwamba tawi halitavunjika mikononi mwa kinyonga. Mimi naamini hakulivunja.

Niandikie, tafadhali, unavyoona juu ya wale wa Ségbana, maana hapo ndipo ninapokwama. Mkutano ule ulimwachia Kérékou kinga ya kutoshtakiwa, na huenda bila kinga hiyo asingeng'atuka. Lakini sijui ningemwambia nini mtu aliyeteswa mle, iwapo angeniuliza nani alimpa askofu na wajumbe wake haki ya kusamehe kwa niaba yake.

Wako akupendaye daima.